Kunguru Niliyemtaja kwa Haraka

Mmeniuliza sana kwa nini nimenyamaza kundini tangu nirudi Rungwe. Mwajuma kaniuliza sokoni, mbele ya watu wa samaki. Mwalimu Kombo kanipigia simu mara mbili. Basi naandika mara moja kwa wote, maana sina nguvu ya kusimulia jambo hili nyumba kwa nyumba. Anayetaka kucheka aishie hapa.

Kwa waliojiunga juzi: mimi ni Zuhura, mstaafu wa maabara, mkazi wa hapahapa Tanga. Katika kundi letu la watazama ndege kazi yangu ni moja. Mtu anatuma picha, mimi nataja jina. Nilikuwa nataja haraka, nanyi mlinisifia haraka hiyo mpaka kichwa kikavimba. Sasa msinitumie ile methali ya haraka na baraka. Nimeshajisomea mwenyewe vya kutosha.

Siku ile nilikuwa nakaanga bajia. Picha ilitoka kwa Lusekelo, bwana shamba wa Kinyala kule Rungwe, kijana mpole ambaye wengi wenu mnamjua kwa sauti tu. Ndege mweusi amekaa juu ya paa la zizi, ananitazama uso kwa uso, ukungu umemzunguka, shingo inaonekana kijivu. Nikafuta mkono mmoja kwenye khanga nikaandika: "Kunguru wa Kihindi huyo. Akizoea hapo mmekwisha. Muwahini." Dakika moja haikuisha. Mkaniwekea vidole gumba kumi na ngapi sijui, nikarudi kwenye bajia zangu.

Kunguru wa Kihindi hahitaji kuelezwa kwa mtu wa pwani. Mwembamba, mdomo mwembamba, shingo na kifua kijivu, na hana hata unyoya mmoja mweupe. Anakula vifaranga vya watu, anakula mayai ya ndege wengine mpaka mtaa unabaki na sauti yake peke yake.

Wiki tatu baadaye Lusekelo akatuma picha nyingine. Kunguru wanne wamelazwa kifudifudi juu ya jani la mgomba, wamekufa. Chini kaandika: "Kazi imeanza, mama." Nilikaa chini palepale jikoni. Kila mmoja alikuwa na doa jeupe kisogoni, pana, jeupe kama kitambaa kilichofuliwa. Midomo yao minene, imepinda, na nchani imeingia weupe. Hao ni kunguru wa milimani, wenyeji wa majabali yale tangu hapo. Wa Kihindi ukimweka karibu yao anaonekana mtoto. Ukungu ulikuwa umemeza weupe wote, na mimi niliyekulia kati ya kunguru wa kijivu nikaona nilichozoea kuona.

Nikapiga simu. "Lusekelo, acheni! Nimekosea."

Akajibu: "Mama, kikao cha kijiji kilishakaa. Nilisoma maneno yako mbele ya watu wote, wakapitisha. Wamebaki wawili kwenye jabali. Jumamosi wanatega tena nyama yenye dawa."

"Basi wasomee na haya ninayosema leo."

"Siwezi mama. Watasema bwana shamba anawageuza geuza. Nimeshamuuliza mwenyekiti, kasema neno lililopita kwenye kikao halifutwi kwa simu. Aliyelisema aje alifute kwa mdomo wake."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi nikaondoka.

Tanga hadi Morogoro

Basi liliharibika kabla ya Chalinze. Kondakta alituambia nusu saa, na kila nusu saa ilipoisha alituambia nyingine. Tulikaa kwenye nyasi mpaka jua likahama upande.

Nilikaa na mama mmoja wa Makambako aliyekuwa anarudi kwao na ndoo ya dagaa. Alinigawia mihogo ya kuchemsha, nami nikamgawia bajia. Aliponiuliza nakwenda kumsalimia nani, nilimwambia ukweli: nakwenda kuwaombea kunguru wawili wasiuawe. Alimaliza bajia yake. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa huruma kabisa kama nina mtu nyumbani wa kuniangalia. Nilijaribu kumweleza. Nilipofika kwenye doa la kisogoni alinishika mkono akasema, "Pole dada, na wewe upumzike." Tangu hapo hakuniacha niende hata chooni peke yangu.

Kunguru wa Kihindi walikuwepo palepale, wanne watano, wanagombania maganda yetu. Nilikuwa na muda wa kuwatazama vizuri, muda ambao Mungu anajua ilinipasa kuutumia kwenye picha ile siku ya bajia. Mdomo mwembamba. Shingo kijivu hata akigeuka, mbele na nyuma. Mtoto wa darasa la pili angewatofautisha na wale wa kwenye jani la mgomba. Tuliingia Morogoro jioni, na basi la Mbeya lilikuwa limeshatuacha.

Morogoro hadi Mbeya

Ijumaa nzima niliihesabu kwa kunguru. Morogoro mjini bado wale wa kwetu. Tulipopanda kuelekea Iringa wakatoweka, wakaanza wenye kifua cheupe, wale wanaoonekana kama wamevaa fulana chini ya koti. Hao weupe wao uko mbele na unazunguka shingo. Wa milimani weupe wake uko nyuma tu, na koo lake ni jeusi. Kwa hiyo ukiwaona wawili hawa kwa mbele, huwezi kuwachanganya. Ukimwona wa milimani kwa mbele kwenye ukungu, inabidi ungoje. Somo lote lilikuwa limetandazwa kando ya barabara kuu, na mimi nililisoma baada ya mtihani.

Mama wa dagaa alishuka Makambako. Aliniachia shuka lake kwa sababu nilikuwa natetemeka, na akamwambia kijana wa kiti cha nyuma, "Mwangalieni huyu mama, ana mawazo." Sikukasirika. Nilikuwa nayo.

Lusekelo alipokea simu mara moja tu siku hiyo, sauti inakatika. Nikamwambia nitafika kesho mapema, awazuie. Akasema, "Nitajaribu, mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujaribu.

Mbeya hadi Tukuyu, na kurudi nyuma

Niliambiwa nishuke Kyimo. Ni rahisi, walisema, iko barabarani, kabla ya Tukuyu. Hawakuniambia habari ya vioo. Mvua ilikuwa nzito na vioo vya gari viliota ukungu kwa ndani, kila mtu amejifunika, hakuna anayetazama nje. Nilifuta kioo kwa kiganja, kikaziba tena. Nilipomuuliza dereva tunafika lini Kyimo, alinijibu kwa mshangao, "Kyimo? Mama, hapa ni Tukuyu."

Nilisimama stendi ya Tukuyu na mkoba kichwani, naona aibu na hasira pamoja. Mtu aliyeshindwa kumwona ndege kwa sababu ya ukungu ameshindwa kuuona mji kwa sababu hiyohiyo. Simu ya Lusekelo ilikuwa imezimwa. Mama mmoja wa mgahawa aliniona, akaniingiza ndani, akanipa chai ya maziwa na kipande cha parachichi kikubwa kuliko ngumi yangu. "Kalibu mama," alisema. "Usikimbie mvua ya kwetu. Utakimbia mpaka Kyela."

Nilimwambia nina haraka ya Kinyala. Akatoka barazani akamwita dereva wa bodaboda, akamwagiza kama anamwagiza mwanawe: "Huyu mfikishe. Polepole."

Dereva alijiita Chuma. Alinivisha koti lake la mvua, yeye akavaa mfuko wa nailoni. Tulirudi mpaka Kyimo tukaiacha lami, na kutoka hapo ilikuwa tope na migomba, migomba na tope. Tulianguka mara moja, polepole, kama watu wanaokwenda kulala. Nilipoinuka nikamuuliza kama tutafika kabla ya adhuhuri. "Mazee, hapa hata adhuhuri yenyewe haijui imefika au bado," alisema, na kwa kweli mbingu ilikuwa rangi moja tangu asubuhi.

Kinyala

Tulisikia nyimbo za kanisa kabla ya kuona nyumba. Watu walikuwa wamejaa uwanjani chini ya maturubai, wanawake wamekaa juu ya majani ya migomba, wanaume wamesimama makundi makundi. Lusekelo alinijia mbio kwenye mvua. Ni mfupi kuliko sauti yake.

"Mama, umefika siku mbaya. Bibi Tusajigwe amefariki alfajiri."

Nikatoa pole. Nikauliza juu ya nyama.

Akatazama chini. "Wameitega. Walikwenda jabalini kabla habari za msiba hazijafika."

"Basi twende tukaitoe."

"Mama, hapa pana msiba. Leo haendi mtu shamba, haendi mtu popote. Na walioitega ndio wanaochimba kaburi. Mimi sijui waliweka wapi. Nikiwaita watoke kwenye kaburi la mama wa watu kwa ajili ya kunguru, sitaishi tena hapa."

Ningefanya nini? Nilikaa na wanawake. Jabali lilikuwa pale juu, nyuma ya migomba, linaonekana na kupotea. Nilijua kwamba nyama iko huko inaloa, na ndege wawili wako huko wana njaa, na mimi nimekaa chini nimekunja miguu kama mgeni mwema. Nililia. Waliokuwa karibu nami wakadhani namlilia marehemu, mmoja akaniegemeza begani kwake. Niliona haya kupokea faraja isiyokuwa yangu, lakini niliipokea.

Mchana chakula kikaja. Walikuwa wamechinja ng'ombe wawili upande wa chini wa uwanja. Nikapewa sahani ya ndizi za kupika na nyama juu yake, ya mgeni, imejaa. Sasa mimi ni Mwislamu, na nyama nisiyojua kachinja nani siili. Kwetu Tanga jambo hili halina maelezo. Unaisogeza pembeni, unakula kilichobaki, na kila mtu anaelewa. Nikaisogeza nyama ukingoni mwa sahani, nikala ndizi.

Mama aliyekuwa ameniegemeza akanitazama. Akaitazama nyama. Akamnong'oneza wa pembeni yake kwa Kinyakyusa. Niliona ule mnong'ono ukitembea. Mwanamke wa tatu akatua sahani. Wa nne akamnyang'anya mtoto wake kinofu mdomoni. Ukavuka kwa wanaume, na huko mmoja akatema. Kidogo kidogo uwanja mzima ukaacha kula, na wote wananitazama mimi.

Lusekelo akaja ameinama sikioni kwangu, amepauka. "Mama, wameshajua wewe ni nani. Wanasema mtaalamu wa dawa ya kunguru hali nyama. Wanasema nyama ya jabalini imechanganyika na ya msiba."

Nilikuwa nimekuja safari ya siku tatu kulifuta neno moja, na kabla sijafungua mdomo nikawa nimesema lingine, tena baya zaidi, kwa kusogeza kinofu.

Mtoto mkubwa wa marehemu, Ambakisye, mtu mzima mwenye mvi, alisimama. Hakupaza sauti. "Mama mgeni, hapa namzika mama yangu. Kama kuna kitu kwenye chakula cha watu wangu, kiseme."

Nikasimama. 

"Baba, nyama haina kitu. Mimi ni Mwislamu, siili nyama nisiyojua mchinjaji wake. Nilipaswa kusema mapema. Naomba radhi kwenu na kwa marehemu. Kuleni."

Hakuna aliyepeleka mkono sahanini. Nikaona kwamba nikikaa hapo, sitapata tena nafasi. Nikaendelea.

"Na mimi ndiye niliyesema kwamba ndege wenu ni kunguru wa Kihindi. Nilisema uongo. Sikukusudia, lakini nilisema bila kutazama. Wa Kihindi ana shingo ya kijivu na mdomo mwembamba. Wenu ana mdomo mnene wenye ncha nyeupe, na ana doa jeupe kisogoni. Ni wa kwenu. Hana kosa. Neno langu la kwanza nalifuta mbele yenu, na waliokufa wamekufa kwa sababu yangu."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. 

"Mama yangu alisema hivyohivyo," Ambakisye akasema. "Kwenye kikao. Alisimama na fimbo yake akasema: huyo ndege kwenye picha amewatazama usoni, mwacheni ageuke mumwone kisogo, ni hawahawa wetu. Kila tukichinja hapa, yeye ndiye aliyekuwa akiwatupia mfupa wa kwanza. Tukamwambia, mama, wewe kaa, mtaalamu ameshasema."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia upya. Ambakisye akageukia upande wa kaburi, akaita majina mawili. Wanaume wawili wakatoka na matope mpaka magotini.

"Nendeni mkaitoe ile nyama. Yote. Msihesabu kwamba mmeondoka msibani. Nimewatuma mimi."

Kisha akainama kwenye sahani yake, akachukua kinofu, akala mbele ya watu. Nao wakaanza kula.

Chini ya uwanja

Lusekelo alinichukua mpaka pale walipochinjia. Alisema kwamba kila wakichinja, kabla damu haijakauka wawili wale wanakuwa wameshafika, wanakaa kwenye mti mkavu, wanaongea kwa sauti yao ile nzito ya kukoroma. Leo mti ulikuwa mtupu. Matumbo na mifupa vilikuwa palepale, vinanyeshewa. Tukangoja.

Wale wanaume wakarudi na kapu. Wakaliweka chini wakafunua jani. Nyama ilikuwa imebaki nyingi, lakini si yote. Juu yake walikuwa wamemlaza mmoja. Alikuwa bado mlaini. Nilimgeuza kwa mikono miwili, nikaona kisogo chake, cheupe, safi, mvua haijakichafua. 

"Na wa pili?" Lusekelo akauliza.

"Hatujamwona," mmoja akasema.

Wakazika nyama na ndege shimo moja, mbali na maji. Ukungu ulikuwa unapanda tena kutoka bondeni tulipousikia mkoromo. Mara moja. Kisha kitu cheusi kikatua kwenye mti mkavu, kinatutazama uso kwa uso, shingo kijivu, kama ile picha. Watu kama kumi walikuwa wameshuka nyuma yetu. Mmoja akaniuliza, taratibu, "Ndiye huyo, mama?"

Nilikuwa na darubini kifuani. Nikaiinua, nikangoja ageuke. Tulisimama mvuani, na mimi sikumwondolea macho. Alitikisa mbawa. Aliangalia kulia. Akakoroma tena, akangoja, akakoroma, na hakuna aliyemjibu kutoka jabalini. Ndipo akageuka kuelekea huko, na tukaona sote.

"Ndiye," nikasema.

Ambakisye alikuwa amekuja. Aliokota mfupa, akautupa mbali kidogo na mti, kwa mkono wa kushoto, kivivu, kama mtu anayeiga mkono wa mtu mwingine. Ndege hakushuka. Aliondoka bila kula.

Tanga

Safari ya kurudi sina la kusema. Tulimzika Bibi, nikalala Tukuyu kwa yule mama wa mgahawa, nikapanda magari, nikafika. Kunguru wa Kihindi walikuwa juu ya paa langu wananisubiri, wazima, wengi.

Jana Lusekelo alituma ujumbe. Hakuna picha. Nauweka hapa kama ulivyo, maana ninyi ndio mlionipa kazi hii ya kutaja:

"Shikamoo mama. Leo ilikuwa arobaini ya Bibi, tumechinja. Tumengoja mpaka jioni, hakuja. Jabali liko tupu. Wazee wanauliza: yule uliyemtaja mara ya kwanza, wa Kihindi, sasa atapata nafasi ya kuja?"

Simu inaonyesha kwamba nimeusoma. Sijajibu.